Marupurupu ya Ugenini

Mpaka leo nikiona trei ya mayai nakasirika. Wenzangu hapa Malaba wanalijua hilo, na wakitaka kunichokoza huja na trei mpaka mezani kwangu na kuniuliza, "Dada, hii upande wa pili ungeipata kwa ngapi?" Nawaambia waende zao. Mayai hayo ndiyo yaliyonitenga na msichana wangu kwa mihula mitatu, na anayedhani natia chumvi akae chini nimweleze.

Nafanya kazi katika kampuni ya kutoa mizigo forodhani. Ofisi yetu iko karibu na pale malori yanapopanga foleni kusubiri karatasi, na kazi yangu ni hizo karatasi. Lakini kwetu ni Mundika, nje kidogo ya mji wa Busia, upande wa Kenya. Mama alinilea kwa biashara ya kuvuka mpaka: alikwenda na sabuni na mafuta ya kupikia, akarudi na maharagwe, ndizi na mayai. Nilianza kumfuata nikiwa na miaka saba, kwa hivyo nilijua kununua vitu Uganda kabla sijajua kugawanya kwa tarakimu mbili.

Kununua Uganda kuna adabu zake. Unavaa ndala, maana viatu vizuri vinapandisha bei. Unabeba gunia lililokunjwa kwapani, mkoba unauacha nyumbani. Huulizi bei kabla hujasalimia, na salamu yenyewe iwe kwa lugha ya mwenye mali. Unataja shilingi ya Uganda hata kama mkononi umeshika ya Kenya. Unakwenda alasiri, mwenye mayai akiwa ameanza kufikiria njia ya kurudi kwao. Ukishapewa bei ya mwisho bado hujamaliza; unasimama hapo, unacheka, unauliza habari za watoto, halafu unadai nyongeza. Mama alikuwa na neno lake moja la kumalizia kila ubishi. "Tutaelewana," alisema, huku ameshaanza kupanga mayai kwenye gunia, na kweli walielewana, na kila mara bei ilishuka.

Kwetu hiyo ndiyo heshima ya mwanamke. Akikuambia kitu amekinunua kwa ngapi, ujue anajisifu, na kwa sababu anajisifu anapunguza kidogo. Sote tunapunguza. Trei ya mia tatu na kumi inafika nyumbani imekuwa ya mia mbili na themanini, na jirani naye anajibu kwamba yake ni mia mbili na sitini. Hakuna anayedanganywa, maana kila mmoja anaongeza kimoyomoyo kile ambacho mwenzake amepunguza.

Sasa, kampuni yetu ilifungua ofisi Kampala na ikataka watu wawili wahamie huko na familia zao. Nilichaguliwa mimi, na akachaguliwa kijana mmoja aliyeletwa kwetu kutoka Nairobi mwaka uliotangulia. Tulikuwa sawa katika kila kitu. Cheo kimoja, mshahara mmoja, na familia za idadi moja: yeye alikuwa na mke na watoto wawili, mimi nilikuwa na mume wangu, ambaye ni fundi cherehani, msichana wetu wa miaka tisa na mvulana wa miaka miwili. Mshahara haungebadilika, lakini juu yake tungeongezwa marupurupu ya ugenini. Meneja alitupa kila mmoja karatasi ya kujaza makadirio ya gharama za nyumba kwa mwezi: kodi, chakula, mkaa na umeme, shule, nauli, matibabu. Alitupa wiki moja.

Kijana wa Nairobi alinijia akiwa amechanganyikiwa kabisa.

"Dada, mimi huko sijui kitu. Hebu niambie, mayai ni ngapi?"

Nilimwambia. Nilimtajia bei ya mama yangu, iliyopunguzwa na mimi. Alishangaa, akaenda kupiga simu kwa rafiki yake anayeishi Kampala, akarudi na bei ya supamaketi iliyokaribia mara mbili. Nilimcheka mbele ya ofisi nzima. Nilimwambia kwa bei hizo ataifilisi kampuni kabla hajashuka kwenye basi. Alitabasamu tu, akaandika bei yake ya supamaketi.

Mimi nilijaza karatasi yangu nyumbani, mezani, mume wangu akipiga pasi suruali ya mteja pembeni. Niliandika kwa raha, sitaki kudanganya. Kodi niliandika ile wanayolipa akina mama ninaowajua pale ng'ambo ya daraja la Malaba. Shule niliandika karo anayolipa binamu yangu kwa mtoto wake Busia ya Uganda. Chakula nilikiandika kama nimesimama mbele ya muuzaji, nimevaa ndala. Mahali pa mahindi niliandika sifuri. Omena, wale dagaa wa ziwani, sifuri. Karanga, sifuri.

Mume wangu aliinama akachungulia. Yeye ni mtu wa Bungoma, mpole, hapendi ubishi.

"Hii sifuri ya mahindi ni ya nini?"

"Mahindi yatatoka kwa mama, Mundika."

"Na omena?"

"Mama ana mteja wake Port Victoria. Atakuwa akitutumia."

"Mpaka Kampala?"

Nilimwambia apige pasi yake, mambo ya mpaka hayajui. Kila nikikumbuka jibu hilo natamani ardhi inimeze. Mtu wa Bungoma alikuwa ameuliza swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa wiki ile, na mimi, bingwa wa mpaka, sikulisikia. Uganda niliyoijua ilikuwa mita mia tano za kwanza. Zaidi ya hapo nilikuwa nimepita kwa basi mara tatu, kwenda mazishini na kurudi.

Meneja aliipenda karatasi yangu. Katika mkutano wa Jumatatu aliinyanyua juu watu wote waione.

"Hivi ndivyo makadirio yanafaa kuandikwa," alisema. "Angalieni huyu mama. Angalieni hizi sifuri."

Watu walinipigia makofi. Nami nilikaa pale nikijiona mjanja, na kijana wa Nairobi aliinamisha kichwa akaangalia viatu vyake.

Barua zilikuja baada ya siku kumi. Yangu niliifungua nikiwa nimesimama kaunta. Marupurupu yalikuwa yamekadiriwa kutokana na karatasi yangu, shilingi kwa shilingi, sifuri kwa sifuri. Nilidhani kila mtu amepata hivyo. Kisha yule kijana akatununulia chai na mandazi kwa furaha, akasahau barua yake wazi kando ya kikombe, nami nina macho. Yake ilikuwa karibu mara tatu ya yangu.

Niliingia ofisini kwa meneja na kikombe bado mkononi.

"Boss, mimi na huyu kijana tunaenda mji mmoja. Kazi ni moja. Watoto ni wawili wawili. Mbona yeye amepewa mara tatu?"

"Yeye ni mtu wa Nairobi," alisema, bila hata kuona haya. "Kwake huko ni ugenini. Wewe, madam, ni mtu wa mpaka. Kwako si ni kama kuvuka barabara tu?"

"Kampala si barabara, boss."

"Lakini bei umeandika wewe mwenyewe. Ama ulidanganya?"

Hapo alinishika. Ningesema nini? Kwamba kwetu watu hupunguza? Nilitoka. Nilikuwa na hasira, lakini nilikuwa pia na kiburi, na kiburi kikashinda. Nilijiambia mtoto wa mama yangu hawezi kushindwa na Kampala. Nitanunua alasiri, nitadai nyongeza, tutaelewana.

Basi tukahama, na Kampala haikuelewana na mtu. Siku ya kwanza sokoni nilivaa ndala zangu, nikabeba gunia kwapani, nikasalimia kwa Kiganda nilichojifunza Busia. Mwanamke wa ndizi alinisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia jirani yake na kumwambia huyu ni Mkenya, na bei ikapanda nikiwa nimesimama pale pale. Nilijaribu Kiswahili, ikapanda tena. Alasiri yangu nayo haikuwa na faida, kwa sababu wale wauzaji hawakuwa na safari ya kurudi popote. Walikuwa kwao. Mgeni nilikuwa mimi.

Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi mitatu mkononi kabla ya kutoa ufunguo, tukachukua chumba kimoja badala ya viwili. Gunia la kwanza la mahindi ya mama lilikuja kwa basi, na baada ya kulipa kondakta, mbebaji na pikipiki, lilikuwa limetugharimu kuliko unga wa dukani. Sifuri yangu ya mahindi ikafia hapo. Omena ya Port Victoria ilifika mara moja, ikanukisha basi zima, na kondakta akatuambia tusirudie.

Lakini hayo yote tungeyavumilia. Kilichotushinda ni shule. Msichana wetu tulikuwa tumemwacha Mundika kwa mama mpaka tupate mahali pa kumsomesha, na nilimwahidi ni muhula mmoja tu. Shule ya kwanza niliyokwenda, karo yake ilikuwa karibu mara nne ya ile niliyoandika. Ya pili ilikuwa nafuu kidogo, halafu wakanipa orodha ya vitu ambavyo mtoto anakuja navyo kila muhula: karatasi za kuchapishia, mifagio, karatasi za chooni, sukari kilo kadhaa. Niliuliza kama ninamleta mtoto au ninafungua duka. Mwalimu hakucheka. Aliongeza kwamba kwa kuwa anatoka Kenya, angerudishwa darasa moja nyuma.

Kwa marupurupu ya kijana wa Nairobi, ningelipa na kubaki na chenji. Watoto wake walichukuliwa mlangoni na gari la shule kila asubuhi. Mke wake, mama mwema, hana kosa lolote kwangu, alinunua mayai bila kuuliza bei. Nilimwona kwa macho yangu akichukua trei kwenye rafu na kuitia kwenye kikapu huku akinieleza habari ya kanisa lao. Nilimwonea wivu. Msichana wangu mimi alikuwa umbali wa safari ya nusu siku kutoka nilipolala, kwa sababu nilikuwa hodari wa kununua mayai.

Kila mwisho wa mwezi nilipanda basi kurudi. Kwenye jengo la mpakani Busia nilionyesha kitambulisho, nikapita, na upande wetu nikamkuta msichana wangu amesimama na kukhu, ndivyo wajukuu wa kwetu wanavyomwita bibi. Swali lake lilikuwa lile lile kila mara, na aliliuliza kabla ya kunikumbatia.

"Muhula ujao?"

"Tunapanga," nilijibu.

Na kweli nilipanga. Niliandika karatasi mpya, bei za kweli, na risiti nikazibana nyuma kwa pini. Niliipeleka kwa meneja Malaba mwenyewe, nikiwa nimekwepa siku moja ya kazi. Aliisoma haraka haraka, akavuta droo, akatoa ile ya kwanza. Alikuwa ameiweka kwenye karatasi ya plastiki.

"Huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Wakubwa waliiona hii. Walisema tumepata mtu anayejua bei. Nikiwaambia leo zimepanda mara tatu, si watasema unatafuta pesa?"

"Na yule mwingine hatafuti?"

"Yule hajabadilisha kitu."

Ni kweli, hakubadilisha kitu. Alisema bei kubwa tangu mwanzo, akaaminiwa kwa kuwa hajui. Mimi nilisema ndogo nikaaminiwa kwa kuwa najua, na siku nilipojua kweli sikuaminiwa tena. Nilishuka ngazi za ofisi ile na risiti zangu mkononi. Nilimkasirikia meneja, niliwakasirikia hao wakubwa ambao sijawahi kuwaona, lakini zaidi ya wote nilimkasirikia yule mwanamke aliyepigiwa makofi. Nililia pale kwenye malori na madereva wakajifanya hawanioni.

Muhula wa pili ukaisha, wa tatu ukaanza na kuisha. Mwisho wa mwezi ule nilifika Mundika adhuhuri, na msichana hakuniuliza swali lake. Alinikumbatia kwanza. Nilishtuka, maana mtoto akiacha kuuliza ujue ameamua jambo. Tulipomaliza kula aliingia chumbani, akarudi na karatasi ya daftari la hesabu, ile ya visanduku, imekunjwa mara nne.

"Nimeandika yangu," alisema. "Umpelekee boss wako."

Niliifungua. Juu alikuwa ameandika, kwa kalamu nyekundu na kwa rula, *Gharama za mimi kuhamia Kampala.* Chini yake alikuwa amepanga mistari kama ile niliyomwonyesha siku nilipokuwa nikijisifu.

*Chakula: nitakula mara mbili. Ya mchana naweza kuacha.*

*Sukari: sifuri. Nimezoea bila.*

*Mayai: sifuri.*

*Kitanda: sifuri. Nitalala na mdogo wangu.*

*Yunifomu: moja. Nitafua Jumamosi.*

*Nauli ya shule: sifuri. Nitatembea.*

*Dawa: sifuri. Siugui.*

Karo alikuwa ameiandika ile ya binamu yangu, ambayo niliitaja mimi. Akajumlisha, akapiga mistari miwili chini ya jibu kama walimu wao wanavyowafundisha. Na chini kabisa, kwa kalamu ya kawaida, aliandika: *Kama bado ni ghali, tutaelewana.*

Mama alikuwa mlangoni akichambua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua uso.

"Tangu mwezi jana hatii sukari kwenye chai," alisema. "Mimi nikidhani ni mambo ya meno."

Sijui kueleza nilivyohisi, lakini hasira ndiyo neno lililo karibu zaidi, na sasa hakukuwa na meneja wa kuitupia. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameketi na rula kujipunguza bei ili mama yake aweze kumnunua. Nani alimfundisha? Nilikuwa naye mkononi sokoni tangu alipoanza kutembea. Nilimfundisha ndala, salamu na nyongeza, na nilimfundisha kwamba anayesema bei ndogo ndiye anayepigiwa makofi.

"Lete kalamu," nilimwambia.

"Nimekosea?"

"Hesabu ni sawa. Lete kalamu na karatasi nyingine."

Tuliketi kwenye mkeka, yeye na daftari gotini. Nilimwambia aandike upya kila kitu, nami nimtajie bei. Tulianza na kitanda, kitanda chake peke yake, na godoro na blanketi. Yunifomu mbili na sweta. Gari la shule. Daktari, kwa sababu kila mtoto huugua. Alikuwa akiandika na kunitupia jicho, akingoja nipunguze.

"Mayai," nilisema.

"Bei ya kukhu ama bei gani?"

"Bei ya supamaketi."

Mama alicheka kwa mara ya kwanza mchana ule, akasema hajawahi kusikia mtu wa ukoo huu akitamka maneno hayo.

"Na sukari?" msichana aliuliza, kalamu ikiwa juu.

"Andika sukari. Kilo mbili kwa mwezi, zako wewe."

Alijumlisha. Alirudia kujumlisha, akidhani amekosea, kisha akanionyesha jibu kwa sauti ya chini.

"Ni nyingi sana. Watakubali kweli?"

"Wasipokubali, mimi narudi."

Jumatatu niliipitisha karatasi hiyo Malaba kabla ya kupanda basi. Sikuikunja. Meneja aliisoma mpaka mwisho safari hii, akauliza ni mwandiko wa nani, nikamwambia ni wa mtu wa mpaka. Alisema ataongea na wakubwa. Nilingoja mpaka tarehe ya mwisho ya mwezi uliofuata, jibu halikuja, kisha nikafunga cherehani ya mume wangu kwa kamba na tukarudi. Nilirudishwa kwenye kaunta yangu ya zamani, kwa mshahara ule ule bila marupurupu, na nafasi yangu ya Kampala wakampa mtu mwingine. Huyo naye ni mtu wa Nairobi, na nasikia anapata mara tatu na nusu. Naendelea kukasirika, na sioni sababu ya kuacha.

Msichana tulimleta kwetu Malaba wiki hiyo hiyo. Asubuhi anakunywa chai kabla ya shule, na mwanzoni alikuwa akiangalia uso wangu kila anapogusa kopo la sukari. Sasa anatia vijiko vitatu, na vitatu ni vingi kwa mtoto, lakini bado sijaweza kumwambia apunguze.